Ngome ya Jinji Nyuma ya Nyumba ya Kenton

Jumamosi, 14 Oktoba 1972

Nimekosa zamu yangu ya maji moto. Bwana Madhav alikuwa bafuni ananawa matope mpaka kwenye viwiko, na nilipoingia mimi maji yakatoka baridi tupu. Zamu amezipanga yeye mwenye nyumba, amezibandika mlangoni yeye, kisha anazivunja yeye. Nimeoga kwa birika mbili za jikoni. Nimefunga na nimekasirika, na siku ndiyo kwanza inaanza.

Matope yanatoka bustani ya nyuma. Dirisha la chumba changu liko juu yake, kwa hiyo naona kila kitu, na kama nisingeona ningetafuta pa kuchungulia. Ameng'oa mawaridi ya Mwingereza aliyemuuzia nyumba. Mahali pake ameanza kilima cha udongo. Binti yake Suman, miaka tisa, anachota maji kwa sufuria ya maziwa.

Nimemuuliza mkewe, Kusum, wanajenga nini. Ngome, kasema. Kwao Wamaratha wa magharibi ya India, sikukuu ya taa, Diwali, ikikaribia watoto hujenga ngome ya udongo uani, na juu kabisa humkalisha mfalme wao wa zamani. Nyumba hii hawamtaji jina. Humwita Maharaja, basi.

Nimezaliwa Unguja, nimekulia mtaa mmoja na Wahindi wa kila namna, na jambo hili silijui. Labda niliwahi kuliona nikadhani ni watoto wanachezea tope. Miaka minne napanga kwa watu hawa hapa London, na wao pia ni wa Unguja, na sikujua kama wana mfalme. Nimeona haya kidogo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Vilima vimekuwa vitatu. Bwana Madhav amerudi kutoka ofisi ya umeme, hakuvua hata tai, kaingia bustanini na rula. Nilipokwisha kufuturu nikashuka na kikombe changu cha chai.

"Hii si ngome yoyote tu, Bi Zuhura," kaniambia kabla sijauliza. "Hii ni Jinji."

Jinji iko kusini mwa India, mbali sana na kwao Maharaja. Suman anasema miaka mingine hujenga ngome za milima ya kwao. Anasema kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote lakini hakijibu. Mwaka huu baba yake ameamua kujenga safari nzima ya kusini. Sababu hakuitaja.

Nikauliza Maharaja alikwenda kufanya nini huko. Akafurahi kuulizwa, niliona. Mtu anayepanga zamu za maji moto hapati watu wengi wa kumuuliza mambo. Alikwenda kudai fungu lake, kasema. Baba yake Maharaja alikuwa na nchi huko kusini, na alipokufa ikabaki yote kwa mdogo wake Maharaja, wa baba mmoja na mama mbalimbali. Basi Maharaja akapanda farasi.

Baridi ikaturudisha ndani. Nataka kujua kilichofuata.

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo amesimulia vizuri, amekaa kwenye ndoo aliyoifudikiza.

Maharaja hakushuka kusini peke yake. Alipita kwanza kwa Sultani wa Golkonda, Muislamu, wakafanya mkataba: Sultani atoe fedha na mizinga, Maharaja atoe askari. Nikauliza, mfalme wa Kihindu na Sultani? Akanitazama kama niliyeuliza iwapo samaki huogelea. Kila askari aliambiwa asiguse hata ubua wa mkulima. Nafaka inunuliwe. Atakayepora, adhabu. Maelfu ya watu wakaingia mji wa Golkonda na hakuna duka lililofungwa.

Akaichukua Jinji. Alipokwisha kuichukua akabomoa kuta za zamani na kujenga nyingine. Akapima ardhi, akaweka maofisa, akasema kodi itakuwa hivi na hivi. Sehemu hii Bwana Madhav anaipenda kuliko vita. Sauti yake hubadilika akifika kwenye vipimo. Kisha Vellore, ngome yenye handaki la maji na mamba ndani yake. Suman ametengeneza mamba kwa pilipili mbichi. Wanapendeza.

Mimi swali langu ni jingine. Watu wa Jinji wenyewe walisemaje? Mfalme mgeni, lugha hawaijui, kuta zao zinabomolewa. Walikula nini jioni ile? Kasema hajawahi kuulizwa hivyo.

Baada ya hapo tumeingia ndani, Kusum amefungua televisheni. Ndege nyingine imetua na watu wa Uganda. Wanawake wa Kihindi wanashuka na makoti ya kuazima, watoto wamevaa kofia za sufu zisizowatosha. Siku zao zinakwisha. Rais wa huko amewafukuza: mwanzoni mwa Novemba asiwepo Muasia hata mmoja Uganda. Mimi nilikuwa nazitazama nyuso kama nitamwona mtu ninayemjua.

Bwana Madhav kainuka, kazima, kaenda kulala. Saa mbili na nusu ya usiku. Kusum ametazama kioo cheusi muda mrefu. Nilitaka sana kuuliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimenyamaza.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimeuliza. Sikuweza kuvumilia zaidi ya hapo.

Kusum alikuwa jikoni anakaanga chakli za kujaribu, vitafunio vyao vya Diwali, mimi na saumu yangu nimekaa mbali na moshi. Akaniambia yote huku akizungusha unga.

Bwana Madhav ana mdogo wake. Anaitwa Vasant, mwalimu wa hesabu, Kampala. Baba mmoja, mama mbalimbali. Mwaka wa mapinduzi Bwana Madhav alipata nafasi ya kuja London na mkewe na Suman mchanga. Baba yao mzee hakupata. Vasant akaja Unguja, akamchukua, akaenda naye Kampala akakaa naye. Mwaka uliofuata mzee akafa.

Sasa kwa Wahindu, kijana wa kwanza ndiye anayetia moto maiti ya baba. Haki yake, na wajibu wake. Bwana Madhav alipeleka simu ya upepo: ningojeni, nakuja. Vasant hakungoja. Joto la Kampala, kasema Kusum, maiti haikai. Akatia moto yeye. Kisha majivu yote akayatia mto Nile, hakubakisha hata kijiko.

Tangu siku hiyo Bwana Madhav hajamtaja. Alitaka nusu ya majivu, kasema Kusum. Nusu tu.

Nikasema, na sasa Vasant yuko wapi? Ameshuka wiki iliyopita, yeye na mkewe na mtoto wa mwaka mmoja. Kusum ameambiwa na mwanamke wa duka la viungo, ambaye wazazi wake wako kambi moja na yeye. Kambi ya zamani ya jeshi huko mashamba. Mwenye ndugu wa kumpokea hutoka. Asiye na ndugu hungoja apelekwe popote palipo na nyumba.

"Nimemwambia mume wangu," kasema. "Kanijibu hakuna chumba."

Ni kweli. Vyumba vitatu juu. Wao wawili, Suman, mimi. Na changu ndicho kinachotosha kitanda na mtoto.

Nimefarijika aliposema hakuna chumba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na siandiki vingine. Chumba hiki nakipenda. Kina jua la asubuhi, na mwendo wa dakika chache niko stesheni.

Jumanne, 24 Oktoba

Kituko. Juu ya ngome humwagwa mbegu za haradali ili Diwali ikifika vilima viwe na majani. Unguja, kasema Bwana Madhav, siku tatu tu na mji umekuwa kijani. Hapa mbegu zimekaa kama zilivyomwagwa. Baridi. Leo kachukua hita ya mafuta ya taa ya barazani, kaiweka bustanini kuwatia joto Jinji na Vellore. Harufu mtaa mzima. Jirani wa Kiingereza kachungulia juu ya uzio, kauliza kwa upole kama tumezika mbwa.

Nimecheka mpaka nikaiogopea saumu yangu.

Mbegu bado.

Ijumaa, 27 Oktoba

Jana na leo Bwana Madhav amefika kwenye kukutana kwa ndugu. Kando ya mto Kollidam, hema kubwa. Mdogo wake Maharaja akaja kutoka Tanjore. Wakakumbatiana, wakala pamoja siku kadhaa. Kisha Maharaja akasema: nipe nusu ya alivyoacha baba. Mdogo hakusema ndiyo wala hapana. Usiku mmoja akatoka kama anakwenda haja, akashuka mtoni, akapanda chelezo, akavuka. Asubuhi Maharaja akaamka, ndugu hayupo.

"Basi," kasema Bwana Madhav, na kunyanyuka kwenye ndoo.

Basi nini? Nimemfuata mpaka mlangoni. Baadaye ilikuwaje? Kasema Maharaja alichukua nchi yote ya upande huu wa mto, na hiyo ndiyo hadithi. Akanawa mikono. Ameweka kijiti mtoni kuwa chelezo, na juu yake mtu wa udongo asiyekuwa na uso. Wengine wote amewachora macho na masharubu.

Kusum kanifuata ngazini na kikapu cha nguo. Hakusimama hata, kasema akipita: "Haishii pale. Kwetu mama alikuwa akiimaliza." Mdogo alipigana na askari wa Maharaja akashindwa, akajifungia Tanjore, hali, hakogi, hataki kutawala. Mkewe ndiye aliyemwambia andika kwa kaka yako. Na Maharaja akamrudishia nchi. Akamwambia inuka ufanye kazi, kukaa kitako na huzuni si ufalme. Na yule shemeji yake, mke wa mdogo, Maharaja akampa nchi yake mwenyewe, mapato yake yawe ya kununulia bangili zake, isiyohesabiwa kwa mumewe.

Kumbe. Na mumewe Kusum anaijua sehemu hii? Anaijua tangu hajaota meno, kasema. Kila akiisimulia husimama pale mtoni.

Nimekaa kitandani nafikiri juu ya hilo. Nampenda huyu mfalme zaidi kuliko nilivyompenda juzi.

Jumapili, 29 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Magharibi imeingia mapema, nimefuturu kukiwa bado kuna watoto barabarani.

Nimefanya kosa. Au si kosa, sijui. Bwana Madhav alikuwa anatengeneza ngazi za Jinji kwa vijiti vya kiberiti, mimi nimesimama tu, na swali likanitoka. Halikuwa na hila. Nilitaka kujua kweli.

Nikasema: miaka yote ile Maharaja alipokuwa kwao milimani, baba yao alikuwa anaishi na nani?

Akasema, na mdogo. Huko kusini. Hata hakunyanyua kichwa.

Nikasema: ahaa. Na akiumwa?

Mkono wake ukasimama. Kijiti kikavunjika. Akainuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akapita kando yangu, akafunga mlango wa jikoni nyuma yake, akaniacha bustanini na Suman na pilipili. Suman akaniuliza kwa Kiingereza nimemfanya nini baba yake.

Jumatatu, 30 Oktoba

Hasemi nami. Asubuhi tumepishana ngazini akaitikia salamu kwa kichwa.

Ofisini Harrow nimepiga taipu barua ishirini za bima na zote zina makosa. Mdomo wangu huu. Mama yangu angenipiga kibao.

Jumatano, 1 Novemba

Kusum kaja chumbani kwangu, jambo asilolifanya. Kafunga mlango. Kwenye kiganja ana namba ya simu ya kambi, kapewa dukani. Nyumba hii haina simu, na kwenye kibanda cha simu anaogopa Kiingereza cha watu wa ofisi. Niipige mimi, kazini.

Nimepiga saa ya chakula cha mchana. Aliyefunga saumu ana saa nzima ya bure. Nimepitishwa kwa watu watatu. Nikangoja. Nikasikia viatu kwenye sakafu ya mbao, kisha sauti ya mwanamume, nyembamba, Kiswahili cha mjini kwetu kabisa. Machozi yalinijia, na mtu mwenyewe simjui.

Nikamwambia mimi ni mpangaji wa kaka yako, shemeji yako ndiye kaniagiza. Kisha kauliza: "Kaka ameshajenga ngome?"

Nikasema amejenga. Ipi? Jinji. Akacheka, kisha akakohoa muda mrefu. Kambi ni baridi, kasema, mabati tu. Mtoto ana kifua. Wamepewa nyumba Scotland, mji hajui hata kuutamka, na basi linaondoka Jumatatu. Amekubali. Kusum nimwambie ahsante.

Nikasema lakini nduguyo yuko hapa hapa. Akasema, kwa adabu: "Bi, siwezi kugonga mlango wa kaka yangu bila ya kuitwa. Aniite mwenyewe. Akiniita nitakuja."

Nikauliza pia, maana siachi: kwa nini hukumngoja? Akasema joto lilikuwa kali na baba ameshaanza kubadilika. Akasema hata leo asingengoja.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Mmoja haiti, mmoja haji asipoitwa, na Jumatatu basi linaondoka.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimemwambia. Nimemkuta peke yake bustanini anafunika ngome kwa kipande cha turubai, mvua inakuja. Nimesema kila kitu bila kupumua: kambi, mabati, kifua cha mtoto, Scotland, Jumatatu. Nimesema anataka kuitwa na wewe tu.

Akaendelea kufunga kamba. Halafu akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Chumba kina mtu, Bi Zuhura. Siwezi kumtoa mpangaji wangu ndani ya mwezi wenu mtukufu. Watu watasemaje?"

Kwa hiyo ni mimi. Siku zote hizi, kwa mkewe, kwa mwanamke wa dukani, labda kwake mwenyewe kitandani, ni mimi. Si majivu wala mto. Mimi na saumu yangu. Anajificha nyuma ya koti langu na hajaniomba ruhusa.

Nilighadhibika mno. Nikamwambia naondoka Jumapili. Binti ami yangu Rukia ana chumba cha kupangisha Tottenham juu ya duka la samani, tangu kiangazi ananibembeleza niende. Nikamwambia chumba chako kuanzia keshokutwa ni kitupu, Bwana Madhav, tafuta neno jingine.

Nikapanda juu. Nimekaa. Chumba changu. Pazia nimelishona mwenyewe.

Nimesema maneno makubwa na sasa lazima niyafuate. Silii, lakini niko karibu.

Jumamosi, 4 Novemba

Mvua usiku kucha. Turubai limeng'oka. Kilima kimoja cha Jinji kimeporomoka juu ya handaki, mamba wote wamefukiwa. Suman ameleta kijiko cha supu kuwachimbua.

Bwana Madhav hayupo. Ametoka asubuhi kwa koti la ofisini na mwavuli, hakunywa chai, hakumuaga mtu. Kusum anasema labda kaenda sokoni kununua taa za udongo. Saa sita. Saa nane. Hakuna ofisi Jumamosi.

Ninafungasha. Sikujua nina vitu vingi namna hii. Kusum anaingia na kutoka, hasemi usiende, anajua hawezi kusema, ananikunjia nguo tu. Amenikunjia gauni moja mara tatu.

Baadaye. Nimefuturu. Giza limeshaingia. Teksi imesimama nje.

Bwana Madhav alikuwa amekwenda. Treni mbili na basi, mpaka kambini, peke yake. Ameshuka yeye kwanza, amembeba mtoto ndani ya koti lake, kitoto kimelala na kofia imemshuka machoni. Nyuma yake mke wa Vasant, mwanamke mdogo mdogo. Nyuma kabisa Vasant na sanduku moja. Amefanana na kaka yake lakini kama mtu aliyemchora kwa penseli nyepesi.

Mlangoni Bwana Madhav kasema tu, "Vueni viatu, nyumba ina zulia."

Nimelala chumba cha Suman, miguu yake mbavuni kwangu.

Jumapili, 5 Novemba

Leo Diwali. Na Waingereza nao leo wana fataki zao, wana mtu wao wa kuchoma moto. Toka jana watoto wa mtaa wanazungusha sanamu kwenye kigari.

Nimeamka kula daku na nikakuta taa ya jikoni inawaka. Hii ni asubuhi yao ya mafuta: lazima watu wa nyumba wapakwe mafuta na kuoga kabla ya jua. Kusum aliwahi kunieleza. Kazi ya mama au ya mke, kumpaka mwanamume mafuta kichwani na mgongoni. Ubao wa kukalia upo chini, bakuli la mafuta limepashwa moto.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Nikatazama. Ningefanya nini?

Aliyekaa ubaoni ni Vasant, taulo kiunoni, mifupa ya mgongo inahesabika. Aliyesimama nyuma yake si Kusum. Ni Bwana Madhav, mikono ya shati imekunjwa, anamsugua mdogo wake kichwa. Kusum amesimama pembeni na hajui mikono yake aiweke wapi.

Bwana Madhav akauliza: "Baba alikuwa anakula?"

"Uji. Mwishoni uji tu."

"Wa mchele?"

"Wa ulezi. Mchele aliukataa."

Mkono ukasimama juu ya utosi. Nikadhani ameudhika, nikadhani sasa yatatoka yote. Kisha ukaanza tena, taratibu, nyuma ya masikio.

Nikarudi juu bila daku. Nimefunga kwa glasi ya maji ya bafuni. Sina njaa hata kidogo.

Alasiri nimeondoka. Bwana Madhav kanibebea sanduku mpaka kituo cha basi, kanikataza nisilishike. Kanambia ni zito. Kauliza kama Tottenham kuna maji ya moto. Nikasema sijui. Kasema niulize kabla sijalipa kodi. Basi likaja. Akabaki amesimama na mikono yake mitupu mpaka tulipokata kona.

Niko ghorofa ya juu ya basi, nyuma. Nimefuturu kwa tende mbili. Fataki kila upande, London nzima, na hakuna anayejua ni za nani.

Jumatano, 8 Novemba

Iddi. Wengine wamesali jana, sisi leo; mwezi wa London una wapinzani wengi. Rukia amekwenda kwa wakwe zake tangu asubuhi. Nimekula biriani ya jana peke yangu, imependeza.

Mchana Kusum amekuja na sahani imefunikwa kitambaa. Amepanda treni ya chini peke yake mpaka huku, safari yake ya kwanza bila ya mume. Ana bangili mpya za kioo, za kijani. Kampa nani? Kacheka tu.

Nimemuuliza habari zote, sikumpa nafasi ya kukaa. Mtoto kifua kimelegea. Vasant ameambiwa na Bwana Madhav asikae kitako, kesho aende ofisi ya elimu akaulize kazi. Majivu? Vasant kasema, nilitia yote, kaka, sikukubakishia. Bwana Madhav akasema haya. Baadaye akaomba chai.

Lakini hawalali, kasema Kusum. Anamuuliza. Kila siku akirudi kazini anakaa ukingoni mwa kitanda katika kile chumba cha nyuma na anamuuliza mdogo wake habari za baba. Nani alikuwa akimnyoa. Alikuwa akivaa miwani ipi. Redio alikuwa akisikiliza stesheni gani. Jana kamuuliza baba alikuwa akilalia ubavu upi.

"Upi?" nimesema.

"Wa kushoto. Halafu mume wangu akalia. Miaka minane sijamwona akilia."

Amekwenda kabla ya giza. Nimeosha sahani yake nikaiweka dirishani ikauke. Chini wanashusha kabati la vioo, mtu anapiga kelele waangalie pembe.

Nimejilaza nione ninavyolala. Wa kulia, uso ukutani. Nina miaka thelathini na nne na sikuwa nikilijua hilo, na katika London yote hii hakuna mtu wa kuulizwa.